Shamba Chini ya Minazi ya Msellem

Jumapili, 6 Aprili 1986

Daftari hili ni la Mbeyu. Aliliacha nusu alipomaliza shule, na sasa ameolewa Kuruwitu, ana watoto wake, na kurasa nyeupe zinaliwa na mende bure. Mwanzoni kuna Kenya. Ameichora vizuri mwanangu: bahari kaipaka buluu, Mlima Kenya pembetatu nyeusi, na Sabaki mstari unaotoka huko bara ukajimwaga baharini karibu na Malindi. Maneno ni ya Kiingereza, nayasoma kwa kubabaisha, ila ramani haina Kiingereza. Nimeitafuta Ganda nikaikosa. Malindi ni kitone. Sisi tuko kwenye ule weupe ulio nyuma ya kitone.

Naandika kwa sababu tangu Kavumbi alale katika Bwana sina wa kumwambia mambo ya jioni. Naomba, ndiyo, na Mungu husikia. Lakini Mungu anajua tayari. Kuna raha ya kumwambia asiyejua.

Leo baada ya ibada mzee wa kijiji alisimama mlangoni mwa kanisa akatangaza: wapima ardhi wanakuja Ganda masika haya. Kila shamba litapimwa, kila mwenye shamba atapata cheti. Watu walipiga makofi. Mimi nilipiga kidogo.

Jumatano, 9 Aprili

Mawingu yamepita yakielekea Mambrui. Hapa hata tone.

Jumamosi, 12 Aprili

Msellem amekuja kuangua nazi zake.

Wewe daftari humjui, nikueleze. Shamba hili ni la marehemu mume wangu, alilirithi kwa babake. Minazi iliyo juu yake ni ya Msellem wa Muyeye. Babake Msellem alileta miche zamani za Waingereza, babake Kavumbi akampa pa kuipanda, wakala pamoja, yakaisha. Hivyo ndivyo mambo yalivyo huku kwetu: mti ni wa aliyeupanda, udongo ni wa aliyezaliwa juu yake. Miaka yote Msellem anakuja na mkwezi wake, anaangua, ananiachia nazi za kupikia, anakwenda zake na baiskeli. Hatujawahi kukosana.

Leo alikuja na ndoo ya chokaa. Mkwezi alipokuwa juu, yeye alizunguka chini na kila shina akalipiga alama nyeupe.

"Shikamoo mzee. Hiyo chokaa ni ya nini?"

"Marahaba, mama Mbeyu. Ya minazi."

"Naona ni ya minazi. Nauliza kwa nini."

"Ili ijulikane."

"Kwani nani hajui?"

Akacheka, akafuta mikono kwenye shuka yake. "Sisi tunajua. Wanaokuja hawajui."

Nimekaa na neno hilo mpaka sasa. Kwa nini wanaokuja wajue minazi ya Msellem, na wasijue shamba la Kavumbi?

Jumatatu, 14 Aprili

Jefwa amepita. Huyu ni ndugu mdogo wa Kavumbi, yaani mlamu wangu, shamba lake ni lile la mikorosho, ng'ambo ya mstari wa mkonge. Aliona chokaa akasimama kama aliyeona nyoka.

"Mlamu, umemwacha akapiga alama?"

"Ni minazi yake."

"Leo minazi. Kesho mpima atakuja aone alama za Msellem kutoka hapa hadi kule, atasema hili ni la Msellem. Wewe utasimama wapi? Huna mtoto wa kiume. Mbeyu yuko kwa watu."

Maneno ya mtoto wa kiume yalinichoma, lakini alikuwa na sura ya huruma.

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua! Imenyesha tangu alfajiri. Nimepanda mahindi kati ya minazi, nikiwa nimelowa chepechepe, nikiimba. Bwana asifiwe.

Jumapili, 27 Aprili

Yamempata Gona, mkulima mwenzetu hapa Ganda, nawe utaona kwamba siogopi bure.

Wapima walifika kwake Alhamisi, Gona mwenyewe ameenda mjini. Karani akamuuliza mkewe, "Hapa ni pa nani?" Mkewe anatazama juu, anaona minazi, anajibu kwa adabu kama tunavyojibu sote: "Ni ya Mwarabu mmoja wa Muyeye." Mwarabu huyo si Msellem, ni mwingine. Karani akaandika. Mambo ya miti yakawa mambo ya udongo. Gona aliporudi alikuta jiwe la mpaka limechimbiwa na jina si lake. Amekwenda kwenye kamati ya ardhi, ameambiwa asubiri kesi. Mkewe leo kanisani hakuinua uso.

Mimi pia ningejibu vivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Jefwa amenijia tena na ushauri. Siku ya kupimwa nisiseme neno. Atasema yeye: shamba ni la babetu, liandikwe Jefwa, awe kama mlinzi wangu, maana mbele ya jina la mwanamume Msellem hatathubutu. Mimi nitaendelea kulima kama kawaida. Nikamwambia vyema.

Jumamosi, 3 Mei

Ameleta miche! Nilikuwa napepeta mchele nikamwona Msellem anashusha kwenye baiskeli miche ya minazi, majani yake yamesimama kama masikio ya punda. Akaipanda palipokuwa na ile minazi iliyokufa kwa chonga, yule mdudu anayetoboa minazi. Hakuniomba. Alisema tu, "Mama Mbeyu, mvua hizi ni nzuri kwa miche," kama mtu anayeongea juu ya shamba lake.

Mti unaopandwa leo ni dai la leo. Watoto wa Ganda wanalijua hilo kabla ya kujua kuhesabu.

Jumapili, 4 Mei

Nimeing'oa. Nimetoka kanisani, Biblia kwapani, sijavua hata viatu vya ibada, nikaing'oa yote nikaitupa kwenye kichaka cha mkonge. Padre alihubiri juu ya shamba la Nabothi, mfalme akalitamani na Nabothi akauawa. Nilisikia kama nimeitwa kwa jina.

Ee Bwana, wewe uliona. Naomba usiseme.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua.

Jumatano, 14 Mei

Mvua, na Ramadhani ya jirani zetu. Msellem alikuja adhuhuri amelowa, akasimama mbele ya mashimo matupu. Alitazama sana. Nilikuwa kwenye mlango wa jiko.

"Mama Mbeyu, miche yangu iko wapi?"

"Labda mbuzi."

"Mbuzi."

"Mbuzi wa siku hizi, mzee."

Akajibanza chini ya upenu wangu kungoja mvua ipungue, kafunga, midomo imemkauka. Nami nikakaanga samaki, upepo ukielekea kwake. Nakwambia wewe kwa sababu siwezi kumwambia mwingine. Alipoondoka alisema, "Harufu nzuri, Mungu akuzidishie," na sikujua kama ni dua au ni kijembe.

Jumapili, 18 Mei. Pentekoste

Sikushiriki meza ya Bwana. Nilisema tumbo linaniuma.

Jumamosi, 24 Mei

Jefwa ameleta makuti mapya akaniezekea upande unaovuja. Mwenyewe, juu ya paa, anapiga mbinja. Tangu niolewe katika nyumba hii sijaona Jefwa akipanda paa la mtu. Hata tulipomzika Kavumbi alikuja amechelewa akaondoka mapema. Nilimpa chai nikamshukuru. Kisha nikakaa chini ya makuti mapya nikitafuta pale yanapovuja, na hayavuji popote, na hilo nalo limenikosesha raha.

Jumatano, 28 Mei

Kabibi, jirani yangu wa upande wa kisima, amekuja kuomba moto na hakuondoka mpaka ametoa la moyoni.

"Nyevu, sitaki ugomvi."

"Basi usiseme."

"Nitasema. Jefwa wako nilimwona Jumatatu na Mtaliano mmoja, yule wa gari jeupe. Wanatembea kwenye minazi. Mtaliano anahesabu hatua, Jefwa anamwonyesha kwa mkono, mpaka huku, mpaka kule."

"Kwenye mikorosho yake?"

"Nimesema minazi, mama. Macho yangu hayajafa."

"Labda alimwonyesha njia."

"Njia ya kwenda wapi, jikoni kwako?"

Nilimcheka, akanicheka. Alipoondoka kicheko kilikwisha ghafla. Mimi nimemchunga mwizi mlango wa mbele masika yote. Je, huu wa nyuma?

Lakini pia namshangaa Kabibi. Alikosana na Jefwa juu ya maji ya kisima mwaka jana. Pengine anasema kwa sababu hiyo. Sasa simwamini hata anayenionya.

Jumapili, 1 Juni

Mahindi yamefika kiunoni. Jefwa ameniuliza mara mbili leo kama bado tumekubaliana. Mara mbili, na ilikuwa uani mwa kanisa.

Jumatatu, 9 Juni. Idi

Msellem ametuma sinia la tambi na halua, limefunikwa kwa kitambaa cha kufuma. Hutuma kila mwaka. Mwaka huu nililitazama kama bomu. Nikamtupia kuku tambi kidogo. Kuku hakufa. Alirudi kutaka tena. Nikala, tamu, nikaona haya kwa kila tonge.

Ijumaa, 13 Juni

Barabara imekatika, gari la wapima limezama hadi milangoni karibu na kwangu. Mkubwa wao ni kijana wa bara aitwaye Thuku, mpole, viatu vyake vyote tope. Niliwapa ugali na mchicha. Akanionyesha karatasi yake kubwa. Tofauti na ile ya Mbeyu, Ganda imo! Barabara imo, kisima kimo, kanisa letu ni msalaba mdogo. Nilijisikia kama mtu aliyeitwa jina lake redioni.

"Na minazi iko wapi, mwanangu?"

"Minazi haichorwi, mama."

"Yote hii?"

"Ramani haijui minazi. Inajua mpaka, mawe, na jina moja ndani. Huku kwenu mnanipa kazi ngumu. Nauliza shamba, mnanijibu mti. Kule kwetu mwenye shamba ndiye mwenye kila kinachoota."

"Basi mwenye mti anaandikwa wapi?"

"Haandikwi."

"Na mtu akiandikiwa shamba kwa kulindiwa tu? Kwa mfano shemeji anamlindia mjane?"

Aliacha kula. "Mama, cheti hakina neno kulinda. Aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Anaweza kuuza kesho yake."

Wakasukuma gari wakaondoka. Nimefungua ukurasa wa Mbeyu ulioandikwa juu ya mwambao, ule ukanda wa maili kumi uliokuwa wa Sultani wa Unguja, ukakodishwa kwa Waingereza, halafu ukawa Kenya. Nimeusoma polepole kwa kidole. Watu wote wamo: Sultani, Malkia, Serikali. Sisi tuliokuwa tukilima juu yake hatumo. Basi ndiyo kawaida ya karatasi. Ina jina moja ndani.

Jumapili, 22 Juni

Wanakuja kwetu Jumanne. Nimefunga na kuomba. Nimekagua mmoja mmoja watakaokuwepo. Wazee wa kamati ni rika la Jefwa, wanakunywa naye. Walioshuhudia Kavumbi na Jefwa wakigawana shamba la baba yao wamekwisha kufa. Wote, isipokuwa mmoja, naye nimeing'oa miche yake.

Jumanne, 24 Juni

Mkono umechoka lakini nitaandika yote leo hii hii.

Walikuja asubuhi, manyunyu. Thuku na chombo chake cha miguu mitatu, karani na mwavuli, wazee wa kamati, Jefwa amevaa koti la harusi. Kabibi alikuja na nusu ya kijiji nyuma yake. Msellem alifika mwisho, anasukuma baiskeli kwenye tope, kanzu kaipandisha. Akasimama mbali, karibu na mashimo yake matupu.

Thuku akauliza, "Hapa ni pa nani?"

Mzee mmoja akatazama juu, kama ilivyo desturi. "Minazi ni ya Msellem."

"Sikuuliza minazi, mzee."

Hapo Jefwa akasogea. "Ardhi ni ya babetu marehemu. Niliyebaki ni mimi. Mlamu wangu huyu namtunza mimi, hata paa ni langu, litazameni. Tumekubaliana. Andika Jefwa."

Karani akafungua kalamu. Wote wakanitazama. Nilisikia mvua kwenye mwavuli wa karani, tap tap.

"Sikubali," nikasema.

"Mlamu!"

"Nilikubali, sasa sikubali. Hili ni shamba la Kavumbi. Waligawana. Mpaka ni ule mkonge."

Jefwa akacheka na wazee wake. "Mkonge huota popote. Nani alituona tukigawana? Mtaje."

Wazee wakaanza kutazama miguu yao. Nikajua kuna jina moja tu, na jina hilo ndilo nililolikimbia tangu masika yaanze. Lilitoka kama jino.

"Mzee Msellem aliona."

Jefwa akasema, "Huyo! Si ndiye uliyeniambia anakunyang'anya?"

Msellem hakusogea mara moja. "Nimeitwa?" akauliza.

"Umeitwa, mzee wangu," nikasema. "Mimi ndiye ninayekuita."

Akaja taratibu. Akamsalimu Thuku, akawasalimu wazee, mimi akaniruka. Halafu akasema:

"Ilikuwa baada ya matanga ya baba yao. Mimi na marehemu baba yangu tuliitwa kwa sababu minazi yetu ilikuwa juu ya ardhi inayogawanywa. Huyu Jefwa alipewa achague kwanza. Akasema, nitalima nini chini ya miti ya mtu? Nipeni mikorosho, huko kwenye kivuli mpeni Kavumbi. Baba yangu akaambiwa, kuanzia leo mwenyeji wako ni Kavumbi. Na mkonge ule Jefwa aliupanda kwa mkono wake. Mwiba ukamwingia kidoleni, akatoa tusi lililomfanya baba yangu aende kutawadha tena."

Mtu mmoja akaangua kicheko. Alikuwa yule mzee wa kamati aliyetazama juu mwanzo. "Wallahi... aa, Bwana nisamehe, kweli! Tusi la Jefwa! Tulilisema kijiji kizima. Sikuwepo kwenye kugawana lakini tusi lilinifikia." Wengine nao wakakumbuka, wakalirudia tusi, akina mama wakaziba masikio wakicheka. Jefwa peke yake hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na koti limeanza kulowa mabegani.

Thuku akamgeukia Msellem. "Na wewe mzee, hudai ardhi hii?"

"Ya nini? Mimi nitazikwa Malindi kwa wazee wangu. Lakini nisikudanganye, sisemi haya kwa mapenzi tu. Jefwa akipata hapa atauza, na mnunuzi atakata minazi yangu yote ajenge. Huyu mama..." Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. "Huyu mama huwa anang'oa midogo tu."

Kijiji kizima kilipasuka. Kabibi alishika kiuno. Mimi nilitamani udongo huo tunaougombea ufunguke unimeze.

Karani akaandika: Nyevu, mjane wa Kavumbi. Wakachimbia jiwe kwenye mstari wa mkonge. Nilimwomba Thuku aandike na minazi ya Msellem chini yake. Akatikisa kichwa. "Nilikwambia, mama. Haina pa kuandikwa."

Msellem alisikia. Aliitazama minazi yake, alama za chokaa zimekwisha kuoshwa na mvua, halafu akanitazama mimi, na macho hayo niliyajua mara moja. Ndiyo macho niliyomtazama nayo mimi masika yote.

"Basi, mama Mbeyu," akasema, "mimi sasa niko mikononi mwako." Akasukuma baiskeli yake akaenda.

Alhamisi, 26 Juni

Jefwa hajapita. Makuti bado hayavuji.

Jumamosi, 28 Juni

Nimekwenda kwenye kichaka nilikoitupa ile miche. Mingi imeoza. Mitatu imeshika yenyewe pale pale ilipoangukia, imetoa mizizi juu ya majani makavu. Nimeitoa kwa jembe na udongo wake.

Jumatano, 2 Julai

Msellem amekuja kuangua nazi. Ndoo ya chokaa aliifunga nyuma ya baiskeli, ila hakuishusha. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye shimo la mwisho, mikono hadi viwiko ndani ya tope, nashindilia mche wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akasimama juu yangu. "Unafanya nini?"

"Napanda minazi yako."

"Kwenye shamba lako."

"Kwenye shamba langu."

"Na yule mbuzi?"

"Ametubu."

Hakucheka. Alichuchumaa, akaushika mche kwenye shina akautikisa kidogo, kuona kama umeshika kweli au nimeuchomeka tu ili apite. Mashimo yote matatu aliyapima hivyo. Sikukasirika. Mtu anayetikisa mche ndiye anayeniamini kiasi cha kurudi kesho. Kisha akamwambia mkwezi aniachie nazi, akaniachia zaidi ya kawaida, na hilo nalo nikaanza kuliwazia, kwa nini zaidi? Nikajizuia. Yatosha.

Jumapili hii nitashiriki meza ya Bwana.

Mvua imepungua, na daftari nalo linaisha, umebaki ukurasa huu. Nimerudi mwanzo, kwenye Kenya ya Mbeyu. Nyuma ya kitone cha Malindi, kwenye ule weupe, nimeandika Ganda kwa herufi ndogo, jina moja ndani kama karatasi inavyotaka. Halafu kando yake nimechora mnazi. Si mzuri, umepinda kidogo, sijui kuchora. Chini ya mnazi nimeandika: wa Msellem.